Fundi wa Meno na Kabichi Mbichi

Baba Pacha alikuwa akitengeneza meno ya watu. Kung'oa na kuziba ilikuwa kazi ya daktari wa chumba cha mbele. Yeye alikaa chumba cha nyuma, penye bomba linalovuja, meza iliyojaa vumbi la plasta, na jiko dogo la gesi la kuyeyushia nta. Daktari akimletea umbo la fizi za mgonjwa, Baba Pacha alipanga meno moja moja juu ya nta, macho ameyabana kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Aliyeingia pale mashavu yamebonyea alitoka anacheka.

Wateja hawakujua kwamba fundi mwenyewe hakuwa na jino hata moja. Ugonjwa wa fizi uliyamaliza yote angali kijana, na tangu hapo alivaa kazi ya mikono yake, juu na chini. Waliojua ni mkewe na yule daktari, basi. Hata dada yake wa tumbo moja hakuambiwa.

"Nani atamwamini kinyozi mwenye upara?" alikuwa akimwambia mkewe.

Mambo yalianza na mshonaji mmoja mzee aliyeleta meno yake ya chini, yamepasuka katikati. Baba Pacha akayageuzageuza mkononi, akashangaa. Magego yalikuwa yamelika mpaka yamekuwa bapa, kama jiwe la kusagia.

"Mama, samahani kwa kuuliza. Unakula nini?"

"Vibichi," akasema yule mama. "Karoti, kabichi, mbegu, matunda. Jiko langu siku hizi nimeliwekea chungu cha maua."

"Umekatazwa na daktari?"

"Sikukatazwa na mtu. Nilitaka kujua vitu vina ladha gani kabla havijapita motoni. Sasa naona bado sijamaliza kujua."

Maneno hayo yalimganda Baba Pacha kichwani. Kabichi alikuwa ameila tangu utotoni, lakini akijaribu kukumbuka ladha yake, aliyopata ni ya mafuta, chumvi na kitunguu. Kabichi yenyewe hakuijua. Ilikuwa kama jirani unayemsalimia kila asubuhi bila kujua jina lake.

Jioni alimkuta mkewe jikoni, anakatakata mboga.

"Mama Pacha, nataka nijaribu kula vyakula visivyopikwa."

Kisu kikasimama. "Mapishi yangu yamekukosea nini?"

"Hayajanikosea. Nataka kujua tu."

"Mtu mzima na wajukuu, unataka kujua kabichi."

"Ndiyo."

"Haya, kafahamianeni," akasema, akaendelea kukata.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Tumbo lilinguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Chumba cha nyuma kina dirisha moja dogo, na daktari, kwa vile ni mstaarabu, aliacha kuingia. Akawa anagonga na kuacha kazi mlangoni. Lakini kilichomtesa zaidi ni chai. Asubuhi alishika kikombe cha maji baridi, akajikuta anayapuliza kwa mazoea.

Nyumbani Mama Pacha hakugomba. Alipika, akapakua sahani moja, akala upande wake wa meza bila neno. Hilo ndilo lililomuuma Baba Pacha. Tangu pacha wao wahamie kwao, habari zote za siku walizisimuliana wakila chakula kimoja. Sasa yeye alitafuna majani upande huu, mkewe akachota mchuzi upande ule, na habari hazikuwa na pa kupita.

Akaanza kumweleza aliyoyagundua, ingawa hakuulizwa.

"Kile kigumu cha katikati ya kabichi, unachokitupa, ndicho kitamu kuliko majani."

Kimya.

"Bitiruti ina harufu ya udongo mvua ikishanyesha."

Jioni moja Mama Pacha, akiwa amempa mgongo, akauliza, "Na boga?"

"Boga bado."

"Lete nikukatie."

Akakata vipande viwili, kimoja akakitia kinywani mwake. Meno yake yote yalikuwa mazima, na mlio wake ulisikika chumba kizima. Akatafuna, akafikiri.

"Kama tikiti lisilotaka urafiki," akasema. Wakacheka wote wawili.

Kwa mke mambo yalianza kulainika, ila kinywani hayakulainika. Vibichi vinataka meno. Baba Pacha alikwangua karoti, akatwanga karanga, na bado fizi zilichubuka. Juu ya hayo akakonda, na kadiri alivyokonda, meno yaliyokuwa yamemkaa sawasawa yakaanza kucheza mdomoni kama viatu vya kuazima. Hakumwambia mtu.

Jumapili moja walialikwa chakula cha mchana kwa dada yake. Shemeji yake, mwanamume asiyeishiwa maneno, akaiona sahani yake.

"Shemeji, siku hizi mnakula na mbuzi? Na hiyo karoti iliyokwanguliwa ni ya watoto wachanga. Hebu tukuone ukivunja nzima."

Baba Pacha angeweza kucheka, yakapita. Lakini kejeli zilikuwa zimemchosha. Akachukua karoti nzima, akaing'ata. Karoti haikuvunjika. Alipoivuta, meno ya chini yakaja nayo, yameing'ang'ania.

Shemeji akaangalia dari. Baba Pacha akayachomoa meno polepole, akayafunika kwa kiganja.

"Ndiyo hivyo," akasema, maneno yakimtoka kibogoyo. "Ni ya bandia. Ya juu pia."

"Tangu lini?" dada yake akauliza.

"Tangu sijaoa."

"Mimi nimekubeba mgongoni wewe. Ulidhani nitakucheka?"

Ni kweli alidhani hivyo, miaka yote, na sasa akiutazama ule uso hakujua wazo hilo alilitoa wapi.

Dada akanyoosha mkono. "Nipe niyaone. Umeyatengeneza mwenyewe? Yanashika na nini?"

Akayasuuza, akampa. Dada akayainua kwenye mwanga wa dirisha, akauliza hili na lile, na shemeji naye akasogeza kiti, shingo imemrefuka. Chakula kilipoa wakimsikiliza.

Njiani kurudi, Mama Pacha alisema, "Mganga hajigangi. Mteja angekuja na meno yanayocheza hivyo, ungemwambiaje?"

"Ningemwambia avue, tuanze upya."

"Basi."

Wiki ile Baba Pacha alikaa kwenye kiti cha chumba cha mbele kama mgonjwa, daktari akamchukua umbo la fizi. Mama Pacha akaja kutazama kazi. Hakuwahi kukikanyaga kile chumba cha nyuma. Alikaa kwenye stuli na kuuliza kila kitu: mbona nta, mbona plasta, mbona magego haya yana ncha.

"Haya ni ya kukata majani," mumewe alimjibu. "Yale ya zamani yalikuwa ya kuponda tu."

Mwishoni aliyeyusha nta ikatoka, akajaza plastiki laini mahali pake, akalifunga umbo ndani ya kasha la chuma, akalitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la gesi.

"Hapo unafanya nini?"

"Nachemsha. Hii plastiki haikazi bila moto."

Mama Pacha akaitazama sufuria, akamtazama mumewe. "Kumbe chakula hupiki, meno unapika."

Kicheko cha daktari kikasikika kutoka chumba cha mbele.

Meno mapya yalimkaa vizuri. Karoti nzima bado hazikuvunjika, akaacha kuzilazimisha, akawa anazikata nyembamba. Tumbo lilitulia alipoacha pupa. Muuguzi wa zahanati alipompima uzito na kumwonya asizidi kukonda, alirudisha maharage na mayai ya jioni, yaliyopikwa. Chai aliirudia siku hiyohiyo. Mchana aliendelea na vibichi vyake.

"Kwa hiyo umeshindwa," shemeji akamwambia.

"Sikuwa kwenye mashindano, shemeji. Nilitaka kujua, na mengine nimeyajua."

Mama Pacha naye alikuwa ameambukizwa udadisi huo. Siku moja alirudi sokoni na biringanya, akakata vipande viwili, wakatafuna wakitazamana.

"Godoro," akasema.

"Godoro chungu," akasema mumewe.

"Hili linataka moto."

Baba Pacha hakubisha. Akainuka kwenda kutafuta sufuria.