Merci ya Dada Yangu Ndaya

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ya wajawazito kupimwa kwenye dispensari moja ya mtaa wetu wa Kampemba. Jimbo la Katanga lilikuwa limejitenga na nchi, askari wako kila kona, na sisi wenye asili ya Kasai, tuliohesabiwa wageni, tulikuwa tumezoea kujibu kila swali kwa upole. Nilikuwa msichana tu. Nilimsindikiza dada yangu Ndaya, aliyekaribia kujifungua, kwa sababu miguu ilimvimba na macho yalikuwa yanaona ukungu.

Alipomweleza nesi jinsi kichwa kinavyomuuma, nesi hakuinua hata uso. Alimpandisha kwenye mizani, akasema wajawazito wote huvimba, aende nyumbani. Kabla hatujatoka akapita daktari wa ukaguzi, akatuuliza kama tunaridhika na huduma. Nikamgusa dada kiwiko ili aseme. Akatabasamu.

"Banatuangaliaka muzuri, docteur. Merci."

Benchi zima la wajawazito waliongoja likaitikia merci, yaani asante, na nesi akasifiwa mbele yetu.

Njiani nilimgombeza. Akanijibu kama mama alivyotufundisha: mwenye mimba akiweka kinyongo na mtu, hasa yule atakayempokea mtoto, njia ya uzazi hufungwa. Basi alimeza yote.

Juma lile lile alishikwa na kifafa cha mimba, akafa na mtoto tumboni. Mpaka leo nina hasira, sikufichi.

Matangani nesi alikuja kutoa pole, na wanawake, wakiwemo wale wa benchi lile, wakaanza kumshukuru kwa kuja. Mama akawakatiza, tena bila kupaza sauti.

"Docteur aliuliza, bote mukajibu muzuri. Mutoto wangu alikuwa mugonjwa, mulimuona. Sasa munamupa merci ingine ya nini?"

Kisha mama akalia kilio ambacho sijakisikia tena, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha Ndaya kunyamaza.

Mwanangu, sasa mimba ni yako. Juzi ulirudi kutoka kliniki ukasema walikuwa wazuri, halafu nikakukuta jikoni unalia. Kusema unapoumia si kinyongo. Wakikuuliza kama umeridhika, na hukuridhika, sema hapana. Onyesha panapouma, na usiinuke pale mpaka mtu akuangalie. Wakikuita mkorofi, waache wakuite, urudi nyumbani mzima.

Mungu akufungulie njia, akupe mkunga mwenye masikio, na mtoto wako alie mikononi mwako ukiwa unamsikia.