Baraka ya Kamati

Kamande wa Dundori ni mtu mzuri. Naanza na hilo kwa sababu nikifika mwisho hutaamini niliwahi kulisema. Ni mkulima wa viazi, ana ng'ombe wa maziwa, ana mke anayeitwa Wangare, ana binti mmoja anayeitwa Kui, na ana vuguvugu la kupinga vita. Hilo la mwisho ndilo lililomla.

Shamba lake ni kipande cha shamba la mzungu wa zamani, kule juu ambako baridi ya asubuhi humfanya mtu amsalimie jirani bila kutoa mikono mfukoni. Babu yake alichukuliwa kutoka maeneo hayo hayo akapelekwa Burma kumpigania mfalme ambaye hakuwahi kumwona. Walimkamata sokoni wakampakia kwenye lori kabla hajaaga nyumbani. Alirudi na kabuti la jeshi na kikohozi. Kabuti alilivaa akikama ng'ombe mpaka likararuka, na kikohozi kikammaliza.

Kutoka kwa babu huyo Kamande alirithi mambo mawili. La kwanza ni kuchukia vita vya nchi za watu. La pili ni sheria ya nyumbani: hakuna mtu wa boma lile anayesafiri mbali bila kubarikiwa. Babu alikuwa akisema kikohozi chake hakikutoka Burma, kilitoka kwenye lile lori alilopanda kabla baba yake hajamtemea mate. Kwa hiyo Kamande hubariki kama wazee walivyobariki. Hutema mate kidogo viganjani, akampaka msafiri kifuani, akamwambia enda kwa amani, rudi kwa amani. Alimbariki jirani aliyekwenda Doha kulinda geti. Alimbariki dereva aliyekuwa akipeleka viazi Mombasa. Kwenye harusi moja, baada ya kushibishwa vizuri, alibariki hata pikipiki. Hakumwomba mtu ruhusa hata siku moja.

Vuguvugu lenyewe hukutana Bondeni, mjini Nakuru, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la Gelle. Mimi pia ni mwanachama. Nilitaka kujiuzulu, lakini kamati haijakubaliana jinsi ya kupokea kujiuzulu. Gelle hutupa chumba bure kwa sharti kwamba chai na mandazi tununue kwake, na hakuna mtu Nakuru anayeombea mijadala mirefu kama yeye. Ndiye pekee kati yetu ambaye nchi ya jamaa zake imeingiliwa na majeshi ya kigeni, kwa hiyo kila tukikwama tunamgeukia. Gelle hupinga majeshi yote duniani, isipokuwa lile lililofungua barabara ya kufika kwa shemeji yake.

Iliposemekana kwamba polisi wetu wanapelekwa Haiti kupambana na magenge, nilidhani sasa tutaungana. Mjinga ni mimi.

Hanif, anayeuza vipuri vya magari, alisema askari yeyote akivuka mpaka wowote huo ni ubeberu, hata kama amebeba blanketi. Yale magenge aliyaita "wananchi waliochoka". Madam Jepkorir, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Rongai, alisema anapinga askari wetu kwenda, ila analaani magenge, ila anatambua kwamba wako Wahaiti walioomba msaada, ila lazima tuulize ni Wahaiti gani walioomba. Upande wa Hanif ukajiita Msimamo. Upande wa Madam tuliuita Ila.

Tuliandamana mara moja tu. Msimamo walipita upande mmoja wa barabara, Ila upande wa pili, wakizomeana tangu mwanzo hadi mwisho. Polisi waliotumwa kututuliza hawakuwa na kazi nyingine isipokuwa kuwasaidia akina mama wetu kuvuka. Wauza mitumba walituuliza ni maduka gani hayo mawili yanayoshindana. Katikati ya barabara alitembea Kamande peke yake, mwenyekiti wa pande zote, akikwepa bodaboda.

Halafu Kui akachaguliwa.

Kui ni polisi. Baba yake alikuwa amelimeza hilo kwa kusema kwamba polisi wa nyumbani ni mfanyakazi wa serikali tu, kama mtu wa posta. Jumamosi moja nilikuwa jikoni kwao, nimekwenda kutafuta mbegu ya viazi, Kui akaingia na begi lake.

"Baba, jina langu limetoka," akasema. "Haiti. Kesho jioni gari inatuchukua hapo barabarani."

Kamande aliweka kikombe chini. "Unajua msimamo wangu, Kui."

"Naujua, baba. Nimeusikia tangu nikiwa nursery. Sijakuja kuomba msimamo. Nimekuja unibariki."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angetema mate viganjani mambo yakaisha. Kifua kilikuwa mbele yake, mate yalikuwa mdomoni. Niliona mikono yake ikianza kuinuka, na nakwambia, nilifurahi. Kisha ikarudi magotini.

"Wacha kwanza niongee na kamati," akasema. "Mimi ni chairman. Watu watasema nimebariki ubeberu."

Wangare aligeuka kutoka kwenye moto, mwiko mkononi. "Baba Kui, hii mtoto tulizaa na kamati?"

"Ni kesho tu, mama Kui. Kikao ni saa nane. Nitarudi mapema."

Kui aliniangalia mimi, mgeni wa mbegu, kama mtu anayetafuta shahidi.

Jumapili tukakutana. Kikao kilifunguliwa kwa maombi, kwa sababu hata wapinga ubeberu wa Nakuru hawawezi kugombana kabla ya kuomba. Kamande alisimama akaeleza jambo lake kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya vuguvugu hilo kila mtu alinyamaza mpaka mwisho. Kisha kila mtu akataka kuongea.

"Comrade Chairman," akasema Hanif, "mate ni mate. Ukitemea askari wa beberu, umetemea beberu."

"Tutenganishe mtu na kazi," akasema Madam Jepkorir. "Ambariki Kui kama Kui. Ila asimbariki kama polisi."

"Atakuwa amevaa uniform?" Hanif akauliza. "Kwa sababu mate yakigusa hiyo badge..."

Wakajadili badge. Wakakubaliana apakwe kwenye viganja, si kifuani. Wakahamia kwenye maneno. Hanif alitaka "enda kwa amani" iondolewe, maana ni kumhimiza mtu aende. Ibaki "rudi kwa amani" peke yake. Madam akasema mtu hawezi kurudi mahali ambako hakutoka. Hilo lilikula chai ya pili. Gelle akaulizwa maoni yake, akasema kwao kila jeshi lililoingia lilikuwa na watu nje wakibishana kama limeingia vizuri au vibaya, kisha akauliza ni nani anaongeza mandazi.

Mimi niliinua mkono. "Mzee, mtoto anaondoka jioni hii."

Nikaambiwa nisubiri AOB, yale mengineyo ya mwisho wa kikao.

Simu ya Kamande ilikuwa mezani. Iliwaka, jina la Kui likaonekana, ikatetemeka mpaka karibu na sahani ya mandazi. Hanif akakumbusha kwamba kikaoni simu huzimwa. Wote tuliliona lile jina. Kamande aliitazama simu, akaigeuza, kioo chini.

Baada ya chai ya tatu wakaelewana. Baraka iliyopitishwa ilikuwa hii: "Rudi kwa amani, wewe kama mtu, pamoja na watu wote wa Haiti." Msimamo na Ila wakapiga makofi kwa pamoja. Hanif na Madam walishikana mikono, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu yale maandamano. Kamande alitoka mbio kama aliyeshinda kesi ya shamba, akapanda bodaboda kuelekea Dundori, akiyasema maneno yale kwa sauti njiani ili asiyasahau. Nami nikamfuata na bodaboda yangu. Nilitaka kuona.

Tulimkuta Wangare amesimama getini, ameshika kikombe cha Kui.

"Gari ilikuja mapema," akasema. "Amekungoja mpaka dereva akachoka kupiga honi. Amekupigia."

"Ulimbariki wewe?"

"Nilimbariki. Akasema asante, mum. Lakini alikuwa anaangalia barabara."

Kamande alibaki amesimama na maneno ya kamati mdomoni. Nilitaka kumhurumia. Nilijaribu kweli, nikashindwa.

Vuguvugu, kwa taarifa yako, liligawanyika kabisa wiki iliyofuata. Msimamo walisema "watu wote wa Haiti" ni pamoja na waliochoka. Ila wakasema ni wote isipokuwa magenge. Sasa kuna mavuguvugu mawili, yote mawili nyuma ya duka la Gelle, siku tofauti. Kamande ni mwenyekiti wa yote mawili.

Kui huwapigia kwa video mtandao ukikubali. Mara ya mwisho nilikuwa hapo kwao, asubuhi ambayo redio ilikuwa imetaja milio ya risasi na polisi wetu. Wangare hakuwa ameweza hata kukama. Simu ilipoita, Kamande aliidaka. Kui alikuwa amevaa kofia ya chuma, uso umekonda, nyuma yake kuna ukuta wa magunia ya mchanga.

"Mko poa?" akauliza, kana kwamba ni sisi tuliokuwa hatarini.

Kamande alisafisha koo. Akakaa wima. Akayatoa kama mtoto wa shule aliyeitwa mbele ya mkaguzi: "Rudi kwa amani, wewe kama mtu, pamoja na watu wote wa Haiti."

Kui aliisogelea kamera. "Baba, hiyo ni yako ama ni ya kamati?"

Angeweza kudanganya. Nilimwombea adanganye.

"Ni ya kamati," akasema.

"Sawa. Wasalimie." Akageuza uso, kuna mtu alimwita kutoka nyuma. "Yako nitaichukua nikirudi, baba. Nikirudi."

Kamande akaegemeza simu kwenye birika haraka haraka, akatema mate kwenye viganja vyote viwili, akainua mikono. "Kui," akasema, "Kui, subiri, enda kwa..." Lakini kioo kilikuwa kimeshakuwa cheusi, na ndani yake kulikuwa na uso wake mwenyewe tu. Alibaki ameinua mikono yenye mate, hana kifua cha kuyapaka.

Wangare akampa kitambaa cha jikoni ajipanguse.