Timu ya Goli Moja na Birika la Maskati

Safari yetu ya Maskati ilianza kwa sababu ya maegesho. Mkuu wa chuo chetu kidogo, nje ya mji wa Singida, alinunua gari, na tangu siku hiyo akawa hafikirii kitu kingine ila mahali pa kuliweka. Macho yake yakaangukia uwanja wa mpira wa kikapu. Sikatai, uwanja wenyewe ulikuwa na goli moja tu. Nguzo ya goli la pili iling'olewa zamani na sasa imesimama nyuma ya nyumba yake, inashikilia dishi la televisheni.

Mimi nafundisha hesabu. Ukocha nilipewa kwa sababu ya urefu wangu, hakuna aliyeniuliza kama naujua mchezo. Mwaka huo wasichana wangu walitangazwa mabingwa wa kanda kwa kuwa timu nyingine mbili zilizojiandikisha hazikufika. Bingwa ni bingwa. Waandaaji wa mashindano ya vyuo ya likizo, huko Oman, wakatuandikia barua ya mwaliko, na tiketi wakalipa wao.

Nikaipeleka barua kwa Mkuu. Aliisoma mara mbili, kisha akaelekeza kidole kwenye kabati lake la vioo. Ndani mlikuwa na pasi, chupa ya chai na kamusi.

"Mwalimu Zaituni," akasema, "mkirudi na kitu cha kuweka humo, uwanja unabaki. Mkirudi mikono mitupu, Jumatatu yake nachora mistari ya magari."

Nilimweleza nahodha wangu, Sikudhani, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Sikudhani ana urefu wa kugonga kichwa kila mlangoni, na tangu utotoni wenzake wamemzomea hadi akazoea kutembea ameinama.

"Mwalimu, pale uwanjani ndipo ninaposimama wima," akaniambia. "Wakipachukua, nitasimama wapi?"

Nilikwenda kufunga mizigo nikiwa na hasira na gari la mtu.

Jumapili alfajiri tuliondoka Singida kwa basi, wasichana saba, mimi, na mipira miwili. Dar es Salaam, kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege, afisa alitutaka tutoe upepo kwenye mipira. Sikudhani alitazama mpira wake ukinywea akanuna mpaka tulipopanda ndege. Hakuna kati yao aliyewahi kupanda ndege, kwa hiyo walisali kwa zamu, Wakristo wakati wa kupaa na Waislamu wakati wa kutua.

Maskati tulifika Jumanne saa nne asubuhi, baada ya kulala Dar siku moja ya ziada kungoja viza. Waandaaji walikuwa wamewagawa wageni kwenye nyumba za watu waliojitolea, na sisi tukaangukia kwa Bi Thuraya, mjane anayekaa mtaa wa Ansab. Alikuja kutupokea mwenyewe, bibi wa miaka sabini na kitu, anaendesha gari kubwa kama chumba.

"Karibuni wanangu, karibuni. Mie nimezaliwa Unguja, nimekuja huku nna miaka kumi na mbili, lakini Kiswahili sijakiacha. Hamujambo nyote? Mbona wembamba hivi? Kwenu hamuli?"

Gari halikutuchukua wote, kwa hiyo alituhamisha kwa awamu mbili. Nikaja kugundua kwamba Maskati hakuna anayetembea kwa miguu. Jioni moja nilisema tujinyooshe mpaka dukani, mwendo wa dakika tano. Bi Thuraya akashtuka.

"Kutembea? Kwani gari limekufa?" Akatupeleka, awamu mbili, na ikatuchukua dakika ishirini na tano.

Alasiri ya siku ile ya kwanza tuliketi kwenye zulia sebuleni, tukaletewa tende, haluwa na kahawa. Kahawa ya kule ni nyepesi, ina harufu ya iliki, na inamiminwa kutoka kwenye birika la shaba lenye mdomo uliopinda, wenyewe wanaliita dalla. Finjani hazina mkono na ndani mnaingia mafunda matatu tu. Bi Thuraya alisimama na dalla mkononi akatupitia mmoja mmoja. Tukanywa. Akamimina tena. Tukanywa. Akamimina tena.

Wasichana wangu wamelelewa vizuri. Mkubwa akikupa kitu, unapokea. Mimi pia nimelelewa hivyo, na kwa kuwa nilikuwa kocha nilijiona napaswa kuwa mfano. Kila tulipomaliza finjani tuliisukuma mbele kwa adabu, na kila tulipoisukuma ilijaa. Nilihesabu kumi na saba, kisha nikapoteza hesabu, na mimi ni mwalimu wa hesabu.

"Mashallah," Bi Thuraya alisema, machozi yakimlengalenga. "Wallahi sijapata kuona wageni wenye kuitukuza kahawa yangu namna hii."

Hatukulala usiku ule. Wengine walifua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatano saa tatu asubuhi tulikuwa mtaa wa Ghala, kwenye ukumbi uliokuwa bohari zamani, katikati ya gereji na karakana za vyuma. Wapinzani wetu wa kwanza walitoka nchi ya mbali, na mfupi wao alinipita mimi. Kipyenga kilipolia wasichana wangu waliruka kama mafuta yaliyodondokewa na maji. Walikimbilia mipira iliyokwisha kutoka nje. Walimkaba mwamuzi. Hadi mapumziko tulikuwa tunaongoza kwa pointi kumi na mbili, nami sikuwa nimesema neno lolote la maana.

Baada ya mapumziko timu hubadilishana magoli. Jambo hili nilikuwa nalijua kwa kulisoma. Wasichana wangu, waliokua kimchezo na goli moja, walikuwa hawalijui hata kwa kulisoma, na kabla sijapata sauti walikwisha kujifunga mara mbili huku wakishangilia. Nikamtuma mchezaji wa akiba akasimame nyuma ya goli la kushambulia na khanga nyekundu, aipunge.

"Nendeni kwenye khanga!" nikapiga kelele. Wakaenda. Tukashinda kwa pointi tatu.

Tuliporudi Ansab, dalla ilikuwa tayari. Finjani ya nane ilipojazwa, Harriet, binti wa Kiganda anayefanya kazi pale nyumbani, alinivuta jikoni.

"Eh, Mwalimu, nyinyi watu mutaniua. Tangu jana mimi nachemsha kahawa tu. Kwa nini hamutikisi?"

"Tutikise nini?"

Akachukua finjani tupu, akaitikisa kidogo kwa vidole, kulia kushoto. "Hivi. Ukitikisa, ni khalas, umetosheka. Usipotikisa, Madam anajua bado unataka. Yeye hawezi kukuacha na kiu, ni aibu kwake. Lakini pia mkono yake inauma, jana nimemkanda na mafuta."

Niliona haya mpaka masikioni. Bibi wa watu alikuwa anangoja tutosheke, sisi tulikuwa tunangoja achoke. Nikarudi sebuleni, nikatikisa finjani, na wasichana wakaniiga. Bi Thuraya akakaa kwa mara ya kwanza. Usiku huo tulilala wote.

Alhamisi tulipangiwa kucheza na timu ya chuo kimoja cha Nairobi, na hao walikuwa wachezaji wa kweli. Walikuwa na viatu vya aina moja, na kocha mwenye filimbi. Bi Thuraya alisikia kwamba wanaongea Kiswahili na wamewekwa hotelini.

"Watu wa Kiswahili wale hotelini, mie nipo? Hata!" Akampigia simu kocha wao, Bwana Wafula.

"Mathee, sisi tuko tu sawa," Wafula alijitetea, sauti ikisikika chumba kizima. "Game ni saa kumi, tutakula baadaye."

"Mtakula sasa. Biriani liko motoni."

Wakaja wote kumi na wawili. Walikula biriani, na kila sahani ilipobaki tupu Bi Thuraya aliijaza, kwani kwake sahani tupu ni malalamiko. Kisha ikaja dalla. Mimi na wasichana wangu tulikunywa finjani tatu, tukatikisa polepole, chini chini. Wafula hakuona. Alikunywa, akasukuma finjani mbele kwa adabu, ikajazwa. Sikudhani alinitazama. Ningeweza kumwambia mwenzangu neno moja tu. Nikala tende.

Saa kumi mechi ilianza, na saa kumi na robo msichana wao wa kwanza aliomba ruhusa ya kwenda msalani. Akafuatwa na wawili. Wakati fulani katika robo ya tatu Nairobi walikuwa na watu watatu uwanjani, waliobaki wako kwenye foleni ya msalani, na Wafula mwenyewe alikuwa amesimama miguu imebanana, anatoa maelekezo kwa sauti nyembamba. Tulishinda kwa pointi mbili tu, jambo linaloonyesha walivyokuwa wazuri.

Dhamiri ilinisumbua. Nikamfuata Wafula nje, nikamweleza habari ya kutikisa.

Akaivua filimbi shingoni. "Mwalimu," akasema, "wewe ni mwizi. Mwizi kabisa. Kesho mkipoteza hiyo fainali nitakasirika zaidi, kwa hivyo shindeni."

Basi tukafika fainali, timu ya goli moja, na mimi nikaanza kujiona kocha. Hapo ndipo nilipoharibu. Wapinzani wetu walikuwa wasichana wa chuo kimoja cha hapohapo Maskati, ambao walianza kutikisa finjani kabla ya kujua kusoma. Ujanja wa jana usingefaa. Nikawaza, kilichotushindisha siku ya kwanza ni nini? Kahawa. Ijumaa asubuhi nikawakusanya wasichana.

"Leo hakuna kutikisa," nikaamuru.

Harriet alinitazama kwa huruma, akaenda kuchemsha.

Fainali ilikuwa alasiri, mtaa wa Qurum, kwenye ukumbi wenye viyoyozi na viti vya rangi mbili. Ijumaa mchana ni wakati wa Harriet wa mapumziko, na aliamua kuja kuutumia kwetu. Nikamkabidhi khanga. Wafula na timu yake walikaa upande wetu, Bi Thuraya mbele kabisa, dalla kwenye kikapu chake kwa tahadhari.

Tulikimbia siku hiyo kuliko siku zote. Kila walipotupita tuliwafikia. Harriet alipunga khanga mpaka mlinzi akamwomba apunguze. Zikiwa zimebaki sekunde mbili, tuko nyuma kwa pointi moja, Sikudhani akachezewa rafu chini ya goli, akapewa mitupo miwili ya adhabu. Mmoja sare, miwili ushindi.

Alisimama pale mstarini. Sijawahi kumwona amenyooka vile. Kisha nikaiona mikono yake. Ilikuwa inatetemeka mpaka vidoleni. Mtupo wa kwanza uligonga chuma. Wa pili uligonga chuma palepale.

Alikuja moja kwa moja kwangu, mgongo umeanza kupinda tena. "Ningetikisa finjani asubuhi, Mwalimu, mikono ingetulia."

"Kosa ni langu," nikamwambia, na nililia mbele ya watu, mimi mwenye urefu wote huu.

Washindi walipewa kombe. Washindi wa pili tulipewa makofi na chupa za maji. Usoni kwa kila msichana niliona mistari ya magari.

Jumamosi, wakati wa kuagana, Bi Thuraya alikuwa amesikia yote kutoka kwa Harriet: Mkuu, kabati, uwanja. Akaniwekea mikononi dalla ya shaba na finjani sita zilizofungwa kwenye kitambaa.

"Nna dalla tatu, mie peke yangu ntanywea ngapi? Hii imeng'arishwa, ukiiweka kabatini itakaa kama kombe. Na huyo bwana mkubwa wenu," akaongeza, akishikashika kiwiko chake, "kahawa anakunywa?"

"Sijui, bibi. Ila amelelewa vizuri."

"Basi," akasema Bi Thuraya.

Singida tulifika Jumatatu saa tatu asubuhi. Uwanjani palikuwa na ndoo ya rangi nyeupe na brashi mpya. Wasichana walibaki nje na mizigo, mimi nikaingia ofisini, nikaiweka dalla mezani. Mkuu aliizunguka, akaigonga kwa kucha.

"Mwalimu, hili ni birika."

"Ndiyo, Mkuu."

"Nilisema kitu cha ushindi."

"Ulisema kitu cha kuweka kabatini. Lakini kwanza kionjwe."

Nilikuwa nimekwisha kuchemsha kahawa jikoni kwa wapishi na kuijaza dalla. Nikasimama mbele yake, dalla mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, kama nilivyofundishwa, nikamimina. Akanywa, akasifu, akasukuma finjani mbele kwa adabu. Nikamimina. Nikawa namsimulia safari huku namimina: Ansab, Ghala, khanga nyekundu, mitupo miwili. Kufikia finjani ya tisa alikuwa ameacha kuuliza maswali. Kufikia ya kumi na nne alipishanisha miguu, akaiachanisha, akaipishanisha tena.

"Mwalimu Zaituni, inatosha."

"Sisi wageni kule tulikunywa kumi na saba, Mkuu. Kuishia njiani ni kumvunjia heshima bibi wa watu."

Akanywa ya kumi na tano. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. "Mwanamke, unataka nini?"

"Uwanja."

"Chukua! Chukua uwanja, gari litalala chini ya mwembe!" Akaanza kuinuka.

Nimeulizwa sana nilichojifunza Maskati. Nimejifunza kwamba mwenyeji hana njia ya kujua umetosheka, mgeni ndiye anayepaswa kuonyesha, na asipoonyesha wote wawili wanaumia. Nimejifunza pia kutowapa wachezaji kahawa siku ya fainali. Hilo la pili bado linaniuma.

Nje, mtu alikuwa amepata pampu. Nilisikia mpira ukidunda, nikachungulia dirishani. Sikudhani alikuwa amesimama chini ya goli letu moja, wima, anajaribu mitupo ya adhabu. Ule wa kwanza uliingia, na wa pili pia. Nyuma ya nyumba ya Mkuu, nguzo ya pili ilikuwa bado imeshikilia dishi.

Mkuu alikuwa amefika mlangoni, finjani ingali mkononi. Hakuwa ameitikisa.

Nikamimina tena.