Picha ya Wiki ya Kumi na Tisa

Jamani, nitawaambia, lakini mkicheka chekeni kwa adabu, maana mwenye aibu hii bado yu hai na mke wake yuko jikoni anasikia. Wengi mnajua kwamba mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na studio ya picha pale Arua, chumba kimoja chenye pazia la bluu lililochorwa ndege na maua, na nje kibao kikubwa nilichokiandika mwenyewe: MPIGA PICHA NAMBA MOJA WEST NILE (namba mbili hakuwa mbali, alikuwa mtaa wa pili tu, ila yeye hakuwa na kibao). Msichokijua ni kwamba nilimpiga picha mama mkwe wangu akila, nikamtundika dirishani mji mzima umwone, halafu nikaenda nyumbani kwake kuomba binti nikiwa nimebeba ushahidi kwapani.

Mwanzo wa yote ni rafiki yangu Candia, mwalimu wa shule moja kule Pajulu, mtu mwema lakini asiyeweza kuona gazeti la zamani limefungiwa karanga asilisome. Siku moja akaja studio na kipande cha karatasi chenye mafuta, akasema huko ng'ambo wapiga picha wanapewa jambo moja kila wiki, mwaka mzima, na kila wiki lazima watoe picha ya jambo hilo. "Wewe unajiita namba moja," akaniambia, "lakini kazi yako ni kupiga watu wamesimama kama nguzo. Unaweza hii?" Na mimi mtu akiniuliza kama naweza, akili yangu huondoka kwanza, mdomo ndio unabaki kujibu. Nikasema naweza. Akaandika vikaratasi hamsini na viwili kwa mwandiko wake wa ualimu, akavitia kwenye kopo la maziwa, tukakubaliana: kila Jumatatu nachomoa kimoja, kila Ijumaa picha inatundikwa dirishani, na wiki nitakayoshindwa nashusha kile kibao kwa mikono yangu mwenyewe.

Basi nikaanza. Wiki ya kwanza ilitoka Maji, ya pili Mlango, ya tano sijui Upweke, nikapiga ndala moja iliyoachwa katikati ya barabara ya Awindiri, na watu wakaanza kuzoea kupita dirishani kila Ijumaa kuona yule mwendawazimu wa kamera ameleta nini. Nikavimba kichwa.

Sasa wakati huohuo nilikuwa namchumbia Zaitun. Alikuwa mshonaji, anakaa Awindiri kwa mama yake mdogo, lakini kwao hasa ni Lurujo, Koboko, na baba yake alikuwa sajenti wa jeshi la zamani aliyerudi kutoka ukimbizini Zaire, mwenye mashamba yake na sauti yake ya gwaride. Huyu mzee hakunipenda. Hakunichukia, ila kila akiletewa habari zangu aliuliza swali moja: huyo kijana anafanya kazi gani? Akiambiwa anapiga picha, anasema, "Ndiyo, nimesikia. Lakini kazi iko gani?" Alikuwa amekwisha kumtaja dereva mmoja wa lori aliyemwona anafaa, na Zaitun aliniambia wazi kwamba siku ya kujitambulisha baba yake asiporidhika, basi ni huyo dereva.

Mama yake ndiye hatukuwa na shida naye, kwa sababu hatukuwahi kuonana. Mnajua kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, hasa kabla mambo hayajakamilika, na kumwona anakula ndiyo kabisa, hiyo ni aibu ya kuhama kijiji. Heshima hiyo mimi niliishika kwa mikono miwili. Alipokuja Awindiri mara ya kwanza kumtembelea mdogo wake niliruka ua wa nyuma nikaacha kiatu huko, na mara ya pili nilijifungia chooni mpaka alipomaliza chai, mazungumzo, na kuaga kwake kwa mtindo wa Koboko, ambako peke yake ni safari nyingine nzima. Kwa hiyo baada ya mwaka wa uchumba nilichokijua cha mama mkwe ni visigino tu, vikienda mbio upande mwingine (maana na yeye alikuwa ananikimbia vilevile).

Wiki ya kumi na tisa kikaratasi kikasema Shibe. Nikacheka, nikaona hii ni ya bure. Lakini Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita, kila niliyemwomba nimpige akila anaacha kula, anafuta midomo, anasimama kama nguzo. Ijumaa asubuhi sikuwa na kitu. Nikaingia sokoni nimekata tamaa, nikapita upande wa samaki wakavu, na pale nyuma ya magunia ya maharage nikamwona mama mmoja amekaa chini na vifurushi vyake, amegeuzia watu mgongo ili asionekane, na ameshika kijiti cha firigisi za kuku za kuchoma. Jamani, yule mama alikuwa anakula! Shavu limejaa, macho ameyafumba, mafuta yanateremka kidevuni, na uso wote umetulia kama mtu aliyesamehewa dhambi. Nikajua nikiomba ruhusa nimeipoteza, naye ataacha kula kama wale wengine. Nikazunguka, nikachuchumaa nyuma ya samaki, nikabonyeza mara moja, nikaondoka.

Hilo tu. Uamuzi wa sekunde moja.

Nikaisafisha filamu studio saa ileile, nikatoa picha kubwa kama sinia, na jioni ilikuwa dirishani. Sijawahi kupata sifa kama zile. Watu walijaa, wanaita wenzao, wanaiga lile shavu, mpaka Jumamosi mama huyo alikuwa ameshapewa jina, Mama Shibe, na jina lenyewe (Mungu anisamehe) nililitoa mimi. Zaitun na mama yake mdogo ndio hawakuiona, kwa kuwa wiki ile walikuwa wameshatangulia Lurujo kuandaa mapokezi yetu.

Jumapili yake ndiyo tulikwenda kujitambulisha. Baba mdogo wangu Musa ndiye msemaji, Candia ndiye rafiki wa bwana harusi, na mimi kazi yangu ni kukaa, kuinamisha kichwa na kunyamaza. Ila nilikuwa na akili moja ya ziada (hizi akili za ziada ndizo zinazoua watu). Kwa kuwa mzee anauliza kazi, nikasema nitampelekea kazi. Nikapanga nakala ndogo za zile picha zote kumi na tisa kwenye albamu, wiki kwa wiki.

Tulipofika Lurujo wakatukalisha kwenye mkeka chini ya turubai, wanaume nje, wanawake ndani ya nyumba, na baada ya salamu na dua Sajenti akauliza lile swali lake. Baba mdogo akakohoa kwa madaha, akasema, "Mzee, kazi yake imekuja yenyewe," akampa albamu.

Sajenti akavaa miwani. Akafungua ukurasa mmoja mmoja kama anakagua bunduki.

"Hii kiatu iko ya nani?"

"Hatujui, mzee," akajibu Candia. "Alikuta kwa barabara."

"Na ingine yake iko wapi?"

"Hiyo pia hatujui."

"Mutu analipa yeye kupiga kiatu moja?"

Baba mdogo akanitazama kwa jicho ambalo nalikumbuka hadi leo. Lakini mzee aliendelea kufunua, na nilimwona kwenye picha moja ya katikati ametikisa kichwa kidogo kwa kukubali, nikaanza kupata moyo. Akafika ukurasa wa mwisho. Akatulia. Akavua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa tena.

"Huyu mwanamuke mimi najua," akasema polepole.

Na mimi, badala ya kunyamaza kama nilivyoagizwa, nikafurahi! Nikainua kichwa nikasema, "Mzee, hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote. Arua nzima imecheka. Tumempa hata jina, anaitwa Mama Shibe."

"Arua nzima iliona hii?"

"Iko dirishani, mzee, kubwa hivi!" Nikaonyesha kwa mikono miwili.

Candia akanifinya paja. Sikuelewa. Akafinya tena kwa kucha, akaelekeza kidevu mlangoni, na pale mlangoni, nyuma ya mgongo wa baba yake, nikamwona Zaitun, ambaye alikuwa akichungulia albamu, ameweka mikono kichwani. Hapo, ndugu zangu, nikaelewa yule mama ni nani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na albamu yangu.

"Iko anakula nini?" akauliza Sajenti.

Nilidhani hakuna atakayejibu. Lakini nilisahau kwamba Candia ni mwalimu, na mwalimu akisikia swali hawezi kuliacha hewani. "Firigisi, mzee," akasema kwa sauti ya chini. "Tatu, kwa kijiti moja."

Sasa na nyinyi mnajua firigisi ni ya nani. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba, au ni ya mkwe siku ya kuja kwake, mwanamke hata mkono hapeleki. Sajenti akasema, si kwetu, alikuwa anasema na ule ukurasa, "Toka mimi naoa yeye, kila kuku, ananiletea firigisi. Anasema kula wewe, mimi tumbo yangu hapana taka. Miaka yote hiyo."

Akampa Zaitun albamu, "Peleka kwa mama yako aone."

Nikasikia miguu ikiingia ndani. Halafu sufuria ikaanguka, halafu mwanamke mmoja akaangua kicheko, wakamfuata wengine wote, lakini nilijua mwenye picha hacheki, na kicheko chao kilinichoma kuliko matusi. Yule mama alikuwa amekuja Arua kununua sukari na mchele wa kunipokea mimi, njaa ikamshika, akajificha nyuma ya magunia ili asimtie mtu aibu, na mimi nikamfuata mpaka huko. Niliona haya ya kweli, siyo ya kuogopa kunyimwa mke tu. Baba mdogo akaanza kuomba msamaha, akataja mbuzi, akataja mbuzi wa pili, na Sajenti hakugeuka.

Mama mdogo wa Zaitun akatoka, akapiga magoti. "Mama anasema mukwe amemuona mudomo wazi. Anauliza yeye alikosea huyu mutoto nini?"

Nililia, na siwafichi.

Chakula kikaletwa nikiwa bado nafuta machozi, na mbele yangu kikawekwa kibakuli cha mkwe, kuku wake, na juu ya mchuzi, firigisi. Sajenti akainuka. Nikasema basi, ananimwagia. Akachukua kibakuli changu, akaongeza na cha kwake, akamkabidhi yule mama mdogo.

"Peleka kwa mwenye nyumba," akasema. "Mwambie toka leo, ya kila kuku iko yake. Na wewe kijana, ile picha kubwa ya dirisha, kesho ilete hapa."

"Nije nayo tuichome, mzee?"

"Uchome nini? Iko bibi yangu. Nitatundika." Akakaa, akaivuta kanzu yake, akamgeukia baba mdogo. "Hii miaka yote mimi naangalia yeye, hapana ona. Huyu aliona siku moja. Basi iko kazi. Tuzungumze mambo ya mutoto."

Tulikuwa tumekwisha kukubaliana karibu kila kitu ndipo sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya ukuta, mara ya kwanza naisikia maishani, nzito kidogo, kama ya mtu ambaye bado ana kitu mdomoni: "Mwambie huyo mutoto apige ingine. Lakini hii mara angojee nimeze."

Kibao nilishusha wiki iliyofuata, kwa sababu kikaratasi cha ishirini sikukichomoa kabisa, na Candia alisimama kando anahakikisha misumari yote imetoka. Sikujuta. Tangu siku ile simwelekezei mtu mzima kamera bila kumwamkia kwanza, na akiwa mama wa makamo namuuliza jina, nauliza kwao ni wapi, halafu namuuliza kama ana binti. Wateja wengi wanaona ni utovu wa adabu, lakini nauliza hivyohivyo.