Inueni Mbao Kabla ya Kumfukuza Kocha

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku ambayo kijiji chetu nusura kimfukuze Mzee Waiswa kwa kosa la mgomba. Nilikuwa msichana bado, kiuno chepesi, na mdomo mwepesi kuliko kiuno.

Kwetu Busoga tuna embaire. Kama hujawahi kuiona, ni marimba kubwa ya ardhini: mbao nene hupangwa juu ya mashina mawili ya mgomba, chini yake pana shimo, na watu watano au sita hukaa pande zote mbili wakapiga chombo kimoja. Mzee Waiswa alikuwa kiongozi. Yeye akianza, wenzake wanamfuata, nasi wasichana tunaingia kucheza. Kikundi chetu kilikuwa na jina mpaka kijiji cha mbali cha Wanyange. Halafu mwaka ule tukaanza kushindwa. Harusi baada ya harusi, kikundi cha jirani kinatunzwa, sisi tunapewa pole. Sauti ilikuwa mbovu, du, du, du, kama mtu anayepiga gunia la mihogo.

Tukaitisha kikao. Huyu akasema mzee amechoka, yule akasema mzee amelogwa. Mimi nikapaza sauti kuliko wote: "Apumzike! Tumlete yule kijana wa ng'ambo ya mto, ana mikono ya moto." Kusema kweli yule kijana alikuwa na meno mazuri pia, lakini hilo tuliache kwanza.

Senga Tabisa, dada yake baba yangu, alikuwa anapita na jembe begani. Kwetu senga ndiye mwenye ruhusa ya kukukaripia mbele za watu, na ruhusa hiyo yeye hakuiacha ilale. Akasimama, akatusikiliza mpaka tukaishiwa maneno.

"Chini mmeangalia?" akauliza.

"Chini wapi, senga?"

"Chini ya mbao, wewe mwenye kiuno kisicho na kichwa!"

Akaweka jembe, akainama, akainua ubao wa kwanza. Mashina ya mgomba yalikuwa yameoza, yamekuwa uji, na mbao zimelalia udongo. Mgomba mbichi hubeba ubao ukalia; mgomba uliooza humeza sauti. Hubadilishwa mara kwa mara, kila mtu anajua, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshabadilisha.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," senga akasema. "Nyinyi nyote mmesimama wima mnamnyooshea mzee kidole."

Mzee Waiswa alikuwa kando, anatazama viganja vyake kana kwamba vimemkosea. Uso wake wa siku ile ninao mpaka leo. Watu husema asiyejua kucheza hulaumu uwanja. Siku ile, mwanangu, uwanja ndio uliokuwa na kosa, na sisi tukamlaumu mchezaji.

Nayatoa haya kwa sababu ya mjukuu wangu Kagoya. Anasoma chuo huko Mbale, na ni nahodha wa wasichana katika mpira wa kikapu. Muhula huu alikuja kunisalimia hapa Walukuba, akashuka kwenye boda mashavu yamevimba. Timu yao ilikuwa inafungwa mechi baada ya mechi. Mwalimu wa michezo wa chuo alikuwa amemwambia hivi: baada ya mechi ya Jumamosi ijayo utaniambia, kocha abaki au aende, na neno lako ndilo nitakalolipeleka kwa wakubwa.

"Na wewe utasema nini?" nikamuuliza.

"Aende, jaja. Hata kesho."

Kocha mwenyewe wanamwita Afande Opio. Alikuwa askari magereza mpaka alipostaafu, na mchezo huo alikuwa akiufundisha kambini. Anafundisha kwa Kiswahili cha kambini, na watoto wa siku hizi wakisikia Kiswahili hicho wanaona buti. Mimi sikioni hivyo. Nilikiokota hapahapa, nilipokuja kuolewa kwenye nyumba za wafanyakazi wa viwanda; jirani wa kushoto ametoka Lira, wa kulia ametoka Kisumu, na chumvi tuliombana kwa Kiswahili.

"Anatupigia kelele tu," Kagoya akasema. "Mchezo una robo nne, jaja. Robo tatu tunaongoza, robo ya nne tunaanguka. Kila mara! Kocha wa maana angekuwa na ujanja wa mwisho."

"Labda ni mbaya kweli," nikamwambia. "Mimi sijui, sijamwona. Vazi la gomesi halishonwi kwa kusimuliwa mwili."

Basi nikafunga safari. Uzee si kilema.

Uwanja wao uko nyuma ya madarasa, na mlima wa Wanale unakuchungulia begani. Nikapewa kiti. Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba kikapu chao kimetoboka, hakina kitako, mpira unaingia juu na kuangukia chini. Nikamwonya msichana aliyekuwa karibu: "Mpira wenu unapotea, shoneni huo wavu." Wakacheka mpaka mmoja wao akakaa chini. Haya, nimekuwa kichekesho cha Mbale nzima, sina neno.

Afande naye alikuwa kazini. "Nambozo! Mpira iko huku, wewe nakimbia huku! Nakimbiza nani, panya?"

Hata mimi nilicheka. Nambozo, msichana mrefu kuliko wote, hakucheka. Aliinamisha kichwa, na nikaliweka hilo moyoni. Kagoya hakunidanganya, bwana huyu ulimi wake ni pilipili. Lakini kitambo kidogo nikamwona mzee huyohuyo anapiga magoti kwenye saruji, magoti yenyewe yanalia kama mlango wa zamani, anamshika Nambozo kiatu na kukisogeza. "Hapa. Mguu nakaa hapa. Sasa ruka." Akaruka, mpira ukaingia. Mimi mchezo siujui, mwanangu, ila mtu anayefundisha mpaka magoti yakamuuma namjua.

Jua lilikuwa la saa saba, la kupasua kichwa, na upepo unatuletea harufu ya maharage kutoka jiko la chuo. Mazoezi yalipokwisha nikamwita Kagoya: "Twende mle sasa, mmefanya kazi."

Akacheka. "Jaja, jiko linafungwa saa nane, na sasa imeshapita. Siku za mazoezi hatuli mpaka jioni."

"Na siku za mechi?"

"Mechi ni saa tisa, saa saba tunapasha miili moto, kwa hiyo..." Akaanza kuhesabu saa kwa vidole.

Nimelea watoto, namjua mtu anayejumlisha mambo kichwani. Badala ya kumhimiza nikamsimulia habari ya embaire, kama nilivyokusimulia wewe. Nilipofika kwenye mgomba uliooza, akashika tumbo lake.

"Robo ya nne," akasema polepole.

"Mimi sijasema kitu. Mimi hata kikapu kisicho na kitako kinanishinda."

"Tulikuwa tunajua tuna njaa, jaja. Tulidhani ni njaa tu."

"Kwa nini hamkumwambia kocha?"

"Anasema uwanjani hakuna maswali."

"Basi msiulize. Mpeni habari."

Afande alikuwa anakusanya mipira ndani ya wavu. Kagoya akasogea, wenzake nyuma yake wamejibanza kama vifaranga. "Afande, hili si swali. Ni habari." Akamweleza yote: jiko, saa nane, matumbo, robo ya nne. Yule bwana akasimama na mpira mmoja mkononi.

"Tangu lini hapana kula?"

"Tangu muhula kuanza."

"Na mbona hamkusema?"

Nambozo ndiye aliyejibu, yule asiyecheka. "Afande, wewe ulisema mdomo ni ya kupumua tu."

Hata mipira nadhani iliogopa. Kisha Afande akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, mpaka akajifuta macho kwa kofia. "Basi mimi ndio nimefunga timu yangu," akasema. "Na hawa walifikiri ni wageni."

Hapo nikaona ni zamu yangu. "Bwana Afande, habari ya jiko ni kosa la wote. Ila ulimi ni wako peke yako. Binti huyu ukimwita mkimbiza panya mbele ya wenzake, siku nyumba yako ikiwaka moto hatakuambia."

Akaishika kofia kifuani. "Ndio, mama," akasema, wima kabisa, kama askari mbele ya mkubwa wake. Kisha akamgeukia Nambozo: "Pole, binti. Wewe si wa panya." Nambozo akacheka, hatimaye. Kuanzia hapo mazoezi yakahamia jioni, na siku ya mechi ikaamuliwa wale kwanza, miili ipashwe baadaye.

Nilibaki Mbale kwa rafiki yangu wa kanisani, maana nani huondoka ngoma ikiwa inaanza? Jumamosi wakala mapema, nikahakikisha kwa macho yangu. Robo ya kwanza, ya pili, ya tatu, wanaongoza. Ya nne ilipoanza nikaacha kukaa kwenye kiti. Safari hii miguu haikufa. Wageni wakatufikia; wakipata, wetu nao wanapata, mpaka pumzi ya mwisho wageni wakawa mbele kwa kikapu kimoja. Kagoya akarusha. Mpira ukazunguka kwenye chuma, ukazunguka tena, kisha ukaangukia nje.

Wamefungwa.

Afande alikuwa ameshafungua mdomo. Akaniona, akaufunga, akameza alichomeza, kisha akapaza sauti: "Kagoya! Mpira ilikuwa nzuri! Chuma ndio mbaya!" Wasichana wakamvamia kwa kicheko, timu iliyofungwa inacheka kuliko iliyofunga, na wageni wanatutazama kama tumerukwa na akili.

Mwalimu wa michezo akaja pale pale. "Nahodha, mmefungwa tena. Nipeleke neno gani? Aende?"

Mjukuu wangu jasho linamtiririka. Akamtazama Afande, ambaye sasa alikuwa anatazama viganja vyake, vilevile kama Mzee Waiswa.

"Mwalimu, siku zote tulikuwa tunasikia njaa, hatukumsikia yeye. Leo ndiyo mara ya kwanza tumemsikia. Tupe muhula mmoja tumsikilize vizuri. Akiwa mbaya nitakuambia mimi mwenyewe, ila yeye nitamwambia kwanza."

Mwalimu akakubali. Afande akavaa kofia yake, akaitelemsha mpaka machoni, akasema vumbi la Mbale ni baya sana siku hizi.

Usinielewe vibaya, mwanangu, ukadhani nasema kiongozi habadilishwi. Habari ya embaire ina mkia. Tulipoweka mashina mabichi, mbao zililia mpaka mbuzi wakaacha kula. Na kwa kuwa sasa tulisikia vizuri, tukasikia pia kwamba mkono wa kulia wa Mzee Waiswa ulikuwa unachelewa kweli. Senga Tabisa akaenda kwake mchana kweupe, akakaa naye na mkewe, akamwambia. Mzee akavitoa vijiti kwa mkono wake mwenyewe, akahamia pembeni kufundisha, na kila harusi kuku wa kwanza alikuwa wake. Vijiti vikaenda kwa yule kijana wa ng'ambo ya mto. Ndiyo, mwenye meno. Baadaye alipata kazi kiwandani, akanileta Walukuba, na huyo ndiye babu yake Kagoya.

Basi shika hili. Kazi ikiharibika, usianze na mtu, anza na kilicho chini yake. Inama uangalie kama wewe mwenyewe hukusahau kubadilisha mgomba. Ukishabadilisha, sikiliza tena bila hasira. Na ukiona kweli mtu hafai, mwambie mchana, usoni pake, kabla hujawaambia wengine, na umwachie mahali pa kukaa. Nawe ukiwa ndiye kocha, acha mdomo wa wadogo ufanye kazi zaidi ya kupumua. Mkono mmoja haulei mwana, na kocha mmoja haifungi timu peke yake, hata akijitahidi.

Mungu akupe magoti yanayokubali kuinama na masikio yasiyochagua sauti. Akuweke kati ya watu watakaokuambia ukweli wakiwa wanakupenda. Na robo yako ya nne ikifika, mwanangu, ikukute umeshiba.