Mhudumu Namba Saba

Mtaani walimwita Kampuni. Jina hilo hakuliomba, na kampuni yenyewe haikuulizwa. Alikuwa mmoja wa wahudumu mia mbili wa shirika kubwa la simu, akikaa ghorofa ya tatu ya jengo ambalo madirisha yake hayafunguki, hedifoni kichwani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Lakini mtaani cheo hicho kilitosha kumfanya awajibike kwa kila mnara uliozima na kila bando lililoyeyuka.

"Kampuni!" fundi viatu alimwita kila alipopita. "Bando langu la wiki limeisha Jumanne. Hiyo wiki yenu ina siku ngapi?"

"Mimi sihusiki na mabando, fundi. Niko upande wa usajili."

"Mkia wa nyoka nao ni nyoka, mama."

Mwenye duka yeye alikuwa na falsafa. Zamani, alisema, simu ilikuwa na vitufe na mtu alikuwa na akili. Sasa simu ndiyo janja, na mwenye nayo amebaki na vidole tu. Baada ya kusema hivyo aliinama na kuendelea kutazama video ya mtu anayeosha zulia. Kampuni alijifunza kuwajibu wote kwa kichwa, kama mtu anayepita nje ya msiba usiomhusu, na kwenda zake.

Nyumbani ndiko hakukuwa na pa kwenda. Nyumbani kulikuwa na mama.

Mama alikuwa na laini moja, kwenye simu ya vitufe iliyofungwa mpira ili betri isidondoke. Laini ile ilisajiliwa na wakala wa barabarani mwenye mwavuli na haraka, ambaye hakumuuliza mama chochote zaidi ya jina. Mengine aliyajaza mwenyewe, kwa ubunifu. Miaka kumi na minne ikapita bila mtu kudhurika. Kisha ukaja ujumbe: mteja mpendwa, thibitisha taarifa zako kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, la sivyo laini itafungwa na namba itapewa mteja mwingine mpendwa.

Mtu mwingine angenunua laini mpya, akaendelea na maisha. Tatizo lilikuwa kaka.

Kaka alikuwa mbali, kwenye kazi za ujenzi, akihamishwa kambi hadi kambi. Simu hazikukaa naye. Moja iliibwa, moja ilifukiwa kwenye zege, moja alisema alimwazima rafiki, na hakueleza zaidi. Alipewa namba ya dada yake mara nne. Aliiandika mara nne kwenye simu ambazo leo hazipo. Namba moja tu ndiyo iliyokaa kichwani mwake, ya mama, kwa sababu aliikariri akiwa bado na kichwa cha shule. Kila baada ya miezi miwili mitatu aliomba simu ya mtu, akaipiga. Anuani hakuwa nayo. Laini ile ikifa, kaka angebaki hai mahali fulani, na wao wasijue wapi.

"Na wewe uko hukohuko ndani," mama alimwambia, si mara moja. "Hukohuko! Kubonyeza tu."

"Mama, hairuhusiwi."

"Kwa mama yako mzazi?"

"Kwa mama mzazi hasa."

Ilikuwa kweli. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Shirika, katika kifungu cha tisa, liliongeza kwamba hamnyoi wala mama yake, na akithubutu hufukuzwa siku hiyohiyo. Mama alikwenda ofisi ya wateja mjini, akakuta mashine inayotoa namba za foleni na kijana wa ulinzi anayewaelekeza watu kwenye mashine. Baada ya saa tatu aliambiwa taarifa zake hazilingani na kitambulisho, apige simu zirekebishwe. Alipopiga, aliambiwa ili taarifa zirekebishwe ni lazima kwanza athibitishwe, kwa kutaja taarifa hizohizo zilizokosewa. Mama aliuliza kama anayeongea naye ni mtu. Simu ikakatika.

Kitengo cha usajili kilikuwa kona moja nyuma ya mtungi wa maji, meza tatu. Mwenye meza ya kwanza alikuwa likizo ya uzazi, na alijifungua pacha, kwa hiyo hakutarajiwa upesi. Ya pili ilikuwa ya Mjomba, mzee mwenye upara aliyebaki baada ya rika lake zima kupunguzwa. Hakuna aliyejua ni mjomba wa nani. Ya tatu ya Kampuni, mhudumu namba saba. Kila meza ilikuwa na kioo kidogo, maana mkufunzi aliamini tabasamu husikika, na mhudumu akiona kioo kimenuna alitakiwa aanze upya. Kwa wiki mbili walifundishwa sauti ya kazini: laini, ya polepole, iliyopanda kidogo mwishoni kama sketi iliyosinyaa baada ya kufuliwa. Kampuni aliivaa asubuhi na kuivua jioni. Aliyoivua humo haikufika nyumbani. Mama alipata iliyobaki.

"Mlete kwangu," Mjomba alisema. "Mama yako si mama yangu. Mimi nitabonyeza."

Ila simu hazichaguliwi. Mashine humpa simu iliyo mbele ya foleni mhudumu anayemaliza kwanza. Wahudumu wakiwa wawili, hesabu haikuwa ngumu: zamu ya mama ikikaribia, Mjomba amalize haraka na Kampuni avute maneno. Foleni ilionekana kwenye skrini, namba juu ya namba. Walipanga Jumatano saa nne, siku mbili kabla ya mwisho. Kampuni alimwambia mama apige saa hiyo, asimwulize kwa nini.

Mama alipiga. Namba yake ikaanza kupanda kwenye skrini, taratibu, kama mtu mwenye magoti mabovu akipanda ngazi.

Namba yake ilipofika ya kwanza, Kampuni alikuwa na mwalimu mstaafu aliyewekewa wimbo wa kuitia asiouomba, na wanaompigia walikuwa wakilalamika. Alikuwa mteja wa dhahabu: alianza kisa tangu siku aliponunua simu. Kampuni alimchochea. Simu ilikuwa rangi gani, mwalimu? Na nani alikushauri? Upande wa pili Mjomba alikuwa ameangukiwa na bwana aliyeamini kampuni inasikiliza mazungumzo yake, kwa sababu alitamka "godoro" chumbani kwake na tangu hapo simu inamletea magodoro.

"Hatusikilizi, mheshimiwa," Mjomba alisema, jasho likimtoka. "Naam. Naam, hata godoro la sita kwa sita. Mheshimiwa, nikuombe tu..."

"Binti," mwalimu akamwambia Kampuni, "naona nimekuchosha, na wengine wanasubiri. Nakuacha. Mungu akubariki."

Miaka mitano hakuwahi kupata mteja mwenye adabu, na huyu alikuja siku hiyo. "Hapana, mwalimu, endelea! Ule wimbo..." Mwalimu alikwisha kata. Kampuni alimtazama Mjomba. Mjomba alifumba macho. Kitufe cha mapumziko alikwisha kitumia asubuhi. Simu iliyokatwa na mhudumu huandikwa kuwa mteja hakujibu, na shauri hufungwa. Sekunde tano zikaisha, mlio ukagonga sikioni.

"Asante kwa kutupigia," alisema, akikitazama kioo. "Unaongea na mhudumu namba saba. Nikusaidie nini, mteja wetu mpendwa?"

"Aa, afadhali mtu," mama alisema. "Mwanangu, huo muziki wenu nimeusikia mara tisa. Sasa naweza kuuimba."

Hakumtambua. Kampuni alisubiri kidogo amtambue, lakini mama aliendelea kueleza shida yake kwa heshima, kama anavyoeleza mtu mbele ya daktari. Kwenye skrini taarifa zilifunguka. Kwa mujibu wa kampuni, mama alizaliwa tarehe mosi Januari, mwaka ambao ungemfanya amzae kaka akiwa na miaka sita. Aidha alikuwa mwanamume.

"Naomba tarehe yako ya kuzaliwa."

Mama alitaja ya kweli. Kampuni akaandika: hailingani.

"Naomba namba tatu unazopiga mara kwa mara."

"Napiga moja tu."

"Itaje, tafadhali."

"Siijui kichwani, mwanangu. Nabonyeza ya kwanza. Ni ya binti yangu, yuko hukohuko kwenu." Mama alishusha sauti. "Ila huyo hana msaada. Nimemsomesha, leo namwomba kitu kidogo ananitajia vifungu. Ni kama duka lililofungwa na taa inawaka ndani. Usimwambie nimesema."

"Sitamwambia, mama."

"Sijilalamikii mwenyewe. Nina kijana yuko mbali, namba hii ndiyo anayoijua. Mkiifunga atapiga atamkuta yule mwanamke wenu anayesema haipatikani, haipatikani. Huyo mwanamke haelezi. Mtoto ataamini nimekufa. Atanilia huko peke yake, na mimi niko hapa nakunywa chai."

Mazungumzo yote hurekodiwa. Taa ndogo nyekundu kwenye kona ya skrini ilihakikisha hilo halisahauliki. Chini yake kulikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza: mteja amethibitishwa. Cha pili: natamka kwamba mteja si jamaa yangu. Kampuni alitia alama cha kwanza, akatia alama cha pili. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kitu chochote katika jengo lile kumwuliza maoni yake. Akabonyeza ndiyo. Kisha akarekebisha tarehe, na mama akarudi kuwa mwanamke.

"Laini yako imethibitishwa, mteja wetu mpendwa. Haitafungwa."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

Mjomba alikuwa bado kwenye godoro.

Jioni Kampuni alimkuta mama kavaa kitenge kizuri, mezani kuna vikombe viwili.

"Umechelewa kuniletea msaada," mama alisema. "Nimeshapata. Namba saba. Msichana ana moyo yule, ana subira! Wewe mwezi mzima, yeye dakika nne. Mnafahamiana?"

"Tunaonana."

"Kesho napiga kwa wakubwa wake wampe sifa zake."

Kampuni aliweka kikombe chini. Pongezi, katika shirika lile, lilikuwa jambo zito kuliko lalamiko. Malalamiko yalikuwa maelfu, hayakusikilizwa na mtu. Pongezi zilikuja mbili au tatu kwa mwezi, na msimamizi aliisikiliza rekodi ya kila moja tangu mwanzo hadi mwisho, akitafuta mhudumu alifanya kosa gani.

"Usipige, mama."

"Wivu huo."

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Namba saba ni mimi."

Mama alimtazama, akacheka. "Acha masihara. Yule alikuwa na adabu."

Hakukuwa na njia nyingine. Kampuni alinyoosha mgongo, akatafuta kioo ambacho hakikuwepo, akatabasamu ukutani. "Asante kwa kutupigia. Unaongea na mhudumu namba saba."

Kicheko kilimtoka mama usoni taratibu. Alikunywa chai, ingawa kikombe kilikuwa kitupu.

"Kumbe sauti hiyo unayo," alisema hatimaye. "Na humu ndani unanijibu kama askari wa zamu." Akakigeuza kikombe. "Na yale niliyosema? Ya binti yangu?"

"Yamerekodiwa, mama. Kwa ajili ya kuboresha huduma."

Mama hakupiga. Ilikuwa zawadi kubwa kuliko zote alizowahi kumpa, maana kusifu watu kwa wakubwa wao ndiyo ilikuwa starehe yake.

Mwezi uliofuata Mjomba aliacha kazi kwa hiari ili auze viti vya plastiki. Walimkatia keki. Wiki mbili baadaye wakaguzi walifungua rekodi zake zote za mwaka mzima, kama wafanyavyo kwa kila anayeondoka, ili asiyekuwepo abebe makosa ya waliopo. Laini kumi na moja alizothibitisha kwa huruma zilifungwa mchana mmoja. Kampuni ndiye aliyepewa kazi ya kuzifunga. Alipofika ya sita alikwisha elewa: anayebaki husikilizwa kwa kubahatishwa, moja katika elfu, anayeondoka husikilizwa yote. Laini ya mama ingeishi muda wote yeye atakapokuwa amekaa kwenye kile kiti.

Kaka alipiga Jumapili mchana, kwa simu ya mpishi wa kambi. Mama alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Walizungumza, wakacheka, mama akalia kidogo, kisha akampa binti yake simu ile yenye mpira.

"Dada! Bado uko na wale wezi?"

"Bado."

"Sikiliza, huku wanatafuta mtu wa ofisi. Karani. Nimewaambia habari zako, wamekubali. Nyumba ipo, hewa safi, hakuna cha hedifoni. Acha kazi kesho, uje. Nafasi iko wazi mpaka mwisho wa mwezi. Unasemaje?"

Mama alikuwa amesimama karibu yake, mikono miwili imeshikilia ukingo wa meza, akiitazama simu jinsi watu wanavyomtazama mgonjwa aliyepata nafuu.

"Ombi lako limepokelewa, mteja wetu mpendwa," Kampuni alisema.

Kaka alicheka sana. Alisema dada yake hajabadilika, bado ana utani, kisha mpishi akadai simu yake.