Mikoko ya Mbele

Mjukuu wangu anasomea kuchora majengo huko Tunguu. Juzi alinitandazia karatasi mkekani, inaonyesha ufukwe wetu anavyotaka uwe: nyumba zimeinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini, na mbele yake safu tatu za mikoko. Siku hizi bahari ikijaa sana, maji yanatuingilia mpaka jikoni.

"Bibi, hapa si palikuwa na mikoko? Mwalimu anataka nieleze ilikwendaje."

Ilikwendaje! Naijua mimi kuliko mwalimu wake.

Bibi yangu alikuwa mchoma chokaa. Kuta za Mji Mkongwe zilipakwa chokaa yake, na mpaka leo nikipita Forodhani naringa. Tulipanga tanuri la mawe ya matumbawe na kuni, tukatia moto, mawe yakalia ta-ta-ta, moshi ukatuchoma macho, muhogo ukaiva pembeni majivuni. Kuni zenyewe mikoko. Sharti lake moja: kata ya nyuma, tena kidogo kidogo. Ya mbele, inayopigwa na mawimbi, usiiguse hata kwa kucha. "Ile ndiyo iliyoshika ufukwe," akisema. "Mkiimaliza mtalala na samaki."

Mimi nilikuwa mtoto wa kupenda sifa, nikitaka mzigo wangu uwe wa kwanza kufika. Nyuma kuna matope ya magoti. Mbele, maji yakitoka, unakata umesimama mchangani. Bibi akashikwa na homa, hakutoka ndani wiki nzima. Wiki nzima nikakata ya mbele.

Alipoinuka akauona uwazi, akauliza ni nani. Nikamtaja jirani, mjane aliyekuwa akiokota kombe pale, wale chaza wa kupika na kuuza. Bibi akamfuata mlangoni.

"We mwanamke, huna haya? Ukuta wetu wa mikoko unaukata kupikia kombe zako?"

Jirani akaapa. Hakusadikiwa. Watu wakaacha kununua kombe zake, mwisho akafunga virago akahamia Mangapwani. Mimi nikasifiwa kwa kusema kweli. Na wengine walipoona pameshakatwa, nao wakakata, mpaka ukabaki mchanga mtupu.

"Basi nani aliyeanza, Bibi?" mjukuu akauliza, penseli mkononi.

Na mvi zangu hizi, na Hija nshakwenda, nikajibu: "Jirani mmoja. Mjane." Akaandika pembeni mwa karatasi yake.

Tanuri halipo, mikoko haipo, na yule mama kafa na jina bovu nililompa mimi. Leo nimempigia mjukuu simu aje na ile karatasi, na raba ya kufutia. Kaniuliza kuna nini, nikakata simu.